Mwembe wa Mjerumani: Dar hadi Kigoma, kisha kurudi Tabora

Siku ya 1. Dar es Salaam – Dodoma

Asubuhi yote iliishia Kariakoo. Kijana wetu wa sauti alitaka betri za akiba na maiki ndogo mbili zisizo na waya, zile zinazoshikwa kwenye shati kwa sumaku, na Kariakoo huwezi kununua kitu kimoja ukaondoka. Kaka wa kamera alitumia muda huo kupiga picha za kufungulia filamu: mikokoteni, wabeba mizigo, mama mmoja aliyejitwika beseni la nyanya. Jina la mahali hapa limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilikuwa na sababu ya kuanzia hapo, ingawa siku hiyo sikujua kama ni sababu nzuri kiasi gani.

Filamu yetu inahusu mali ya Mjerumani. Kila Mtanzania ameisikia: Wajerumani walipokimbia vita walifukia dhahabu, wakaweka alama kwenye miamba na miti, na wajukuu zao hurudi kama watalii wakiwa na ramani. Kilichotuondoa Dar ni klipu ya sekunde 40 iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya wasapu. Vijana wanavuta sanduku la chuma kutoka shimoni, linafunguliwa, vitu vya njano vinang'aa, na chini kumeandikwa "Tabora". Nilitumiwa na watu sita, wakiwemo shangazi yangu na fundi wangu wa nguo.

Tuliichambua ndani ya treni ya umeme kabla hatujafika Morogoro. Kaka wa kamera aliisimamisha kwenye sekunde ya 23, akanionyesha nyuma ya bega la kijana mwenye fulana nyekundu. Kuna barabara, na magari yanapita upande wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Kazi ya dakika kumi, na klipu ilikuwa imekwisha. Nilimtumia shangazi maelezo yote na mshale mwekundu juu ya picha. Akajibu: "Sawa mwanangu, lakini dhahabu ipo."

Hilo jibu ndilo filamu.

Siku ya 2. Dodoma – Tabora

Basi. Manyoni, Itigi, kisha pori na lami hadi jioni. Nililala.

Siku ya 3. Tabora

Boma la Mjerumani liko mikononi mwa jeshi, na kibali chetu cha Bodi ya Filamu hakifungui lango la jeshi. Tulilitazama kwa heshima kutoka mbali, tukaenda kunywa chai.

Tabora ndiko uvumi huu ulikonenepa, na haukunenepa bure. Mwaka 1916 serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamia huku baada ya kubanwa pwani. Meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikuja, na jeshi linataka mshahara. Basi wakageuza karakana ya reli ya Lulanguru, nje ya mji, kuwa kiwanda cha fedha. Walitengeneza heller, sarafu ndogo za shaba, na mwisho wakatengeneza rupia 15 za dhahabu kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Upande mmoja wa sarafu kuna tembo mbele ya mlima. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na mambo yakaishia hapo.

Kwa hiyo dhahabu ilikuwepo, na ilikuwepo hapahapa. Ila nilikuwa nimepiga hesabu kwenye basi kabla usingizi haujanichukua. Sarafu hizo zilikuwa elfu kumi na sita na ushee, kila moja gramu saba na kidogo. Zote kwa pamoja, hata isingetumika hata moja, ni kilo 116 hivi. Hilo ni gunia moja la mahindi la lumbesa. Na zilitengenezwa zilipe watu, si zilale ardhini. Wanaosimulia masanduku arobaini, hamsini, malori kabisa, wanasimulia dhahabu ambayo nchi hii haikuwa nayo.

Saa nane mchana, karibu na soko, tulipata kijana anayeuza rupia. Si ile ya dhahabu, bali ya fedha, yenye kichwa cha Kaiser aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Alitaka milioni tatu. Alizungumza kwa sauti ya chini kama anayeuza dawa ya mapenzi.

"Hii dada si ya makumbusho. Hii ina nguvu. Inavuta."

"Inavuta nini?"

"We ilete karibu na kitu uone."

Kijana wetu wa sauti akamsogezea maiki ili amnase vizuri. Rupia ikaruka kutoka kiganjani, ikajibandika kwenye sumaku ya maiki: tap!

"Umeona?" Mwenye rupia aliruka kwa furaha. "Umeona mwenyewe?"

Niliona. Rupia halisi ya wakati ule ni ya fedha, ina uzito wa gramu 11 na zaidi, na fedha haishikwi na sumaku. Iliyojibandika pale ilikuwa chuma. Alama ya ugushi wake ndiyo aliyokuwa anaiuza kama alama ya nguvu. Nilimweleza taratibu, kamera ikiwa inazunguka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema mimi ni msomi na wasomi hawavutiwi. Akaondoka na rupia yake. Sidhani alikuwa tapeli. Nadhani alikuwa ameinunua.

Siku ya 4. Lulanguru

Kituo kidogo, reli, miti. Sehemu ya kwanza duniani ninayoijua ambako dhahabu ilipigwa sarafu kwenye karakana ya treni, na kuku wanatembea hapo kama hakijatokea kitu.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja, umri umepita themanini, anayekaa chini ya mwembe mkubwa mbali kidogo na reli. Ulikuwa mwembe wa kutisha kwa ukubwa. Tulimsalimia kwa Kinyamwezi chetu cha kuokoteza, "Mwangaluka", na saa ilikuwa inakaribia tisa alasiri. Alicheka hadi akakohoa. Tukahamia shikamoo.

Mahojiano yalikwenda vizuri kuliko yote. Mzee ana sauti ya kijiti kikavu, anajua kunyamaza, na mwanga wa saa kumi na moja ulimpenda. Upepo ulikuwa mwingi, treni ya mizigo ikapita katikati, lakini tulipata tulichokuja kukitafuta: kwamba Mjerumani alificha vitu chini ya mwembe huu, masanduku kumi na mawili, na bibi yake mzaa baba alikuwepo. Nilihisi ule msisimko ambao kila mtu wa kazi hii anaujua na hausemi hadharani: *nimepata*.

Nikamshukuru, tukamwachia sukari na majani ya chai, tukarudi mjini usiku.

Kijana wetu wa sauti aliweka kipande cha sekunde 30 kwenye ukurasa wetu. Aliniuliza kwanza. Nilikuwa nakula, nikasema weka tu, tuamshe watu hamu. Naandika hili hapa ili mtu asije kumlaumu yeye.

Siku ya 5. Tabora

Siku ya kupumzisha betri. Nilikaa chumbani na kompyuta, kupitia picha ghafi.

Kuna jambo moja kuhusu picha ghafi: zinakuhifadhi na wewe. Sauti yangu haitakuwepo kwenye filamu, lakini hapa ipo, na inasikika hivi:

Mzee: (treni) ...ficha Mjerumani vitu hapa, chini ya mwembe.
Mimi: Masanduku?
Mzee: (kimya) Ee. Masanduku.
Mimi: Mengi? Kama mangapi, babu?
Mzee: Kumi... na mawili.

Nilirudisha mara nne. Neno "masanduku" ni langu. Mzee alisema vitu. Yule aliyeleta masanduku Lulanguru, akayahesabu, akayafukia chini ya mwembe, ni mimi, mwaka huu, saa kumi na moja jioni. Na kipande kilichowekwa mtandaoni kinaanzia "Ee, masanduku", kwa sababu ukikata maswali yangu inapendeza zaidi.

Nilimwambia kijana akiondoe. Akakiondoa. Watu waliokwisha kukipakua hawakuhitaji ruhusa yetu.

Jioni nilizungumza na mtu wa ardhi, mstaafu, ambaye ana ugomvi wa maisha na wachimba mali. Alisema wanavunja bikoni. Zile nguzo za zege za wapima ardhi zenye herufi na namba, watu wanaziona ni alama za Mjerumani, wanazing'oa usiku, kisha majirani wawili wanapelekana baraza la ardhi kwa miaka saba kwa sababu mpaka umepotea. Akanikumbusha pia kwamba kuchimbua malikale bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jambo ambalo hakuna mchimbaji hata mmoja aliyewahi kumwambia analijua.

Ndipo akaniambia kitu ambacho nilikuwa nimekisoma nikakisahau. Wajerumani walifukia, ni kweli. Walifukia makaratasi. Sehemu ya mafaili ya serikali yao ilizikwa ardhini wakati wa vita, na baada ya vita Waingereza wakaoneshwa mahali wakayafukua. Mengine yapo hadi leo Nyaraka za Taifa, Dar, dakika chache kutoka ninapoishi. "Kodi, mashamba, barua za mabwana shauri," alisema. "Nenda kawaambie vijana hazina imepatikana, ni faili la kodi ya kichwa."

Siku ya 6. Garimoshi la Kigoma

Lilikuja likiwa limechelewa, kama linavyojulikana. Urambo, Kaliua, Malagarasi. Kwenye kila kituo madirishani kuna mihogo, kuku wa kuchemsha, asali kwenye chupa za maji. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, muda mfupi kabla ya vita. Kazi yote ile, na waliojenga wakaitumia miaka miwili.

Mtandao unapotea kwa saa nyingi njiani. Uliporudi karibu na Uvinza, simu zetu tatu zilitetemeka pamoja kwa dakika nzima. Kipande chetu kilikuwa kimewekewa muziki wa kutisha na sauti ya mtu mwingine kabisa, anayesema watengenezaji filamu kutoka Dar "wamezuiwa kuonesha" walichokipata. Mshale mwekundu ulikuwa umeelekezwa kwenye mwembe. Nyuma ya mwembe, kwa herufi za njano, kibao cha kituo: LULANGURU. Kaka wa kamera ndiye aliyekiweka kwenye picha, kwa uzuri wa mpangilio.

Shangazi naye alikuwa amenitumia. Safari hii hakuandika neno, aliweka tu macho mawili.

Siku ya 7. Kigoma na Ujiji

Tulikuja kwa ajili ya MV Liemba, na tuliipata kwa mbali, ikiwa kwenye ukarabati. Hata hivyo inastahili dakika zake ndani ya filamu, kwa sababu ni ushahidi wa upande wa shangazi. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku kama elfu tano, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani walipoona wanapoteza, Julai 1916, waliijaza mchanga wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nene, ili siku wakirudi waikute nzima. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba.

Mtu anayepaka grisi kitu anachokizamisha ana nia ya kurudi. Ukiwa mvuvi wa Kigoma umeliona hilo kwa macho yako, utaacha vipi kuamini kwamba kuna vingine?

Mchana Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Miembe tena. Mwembe wa mkutano wao wenyewe ulikwisha kufa zamani. Iliyopo ni vizazi vyake. Miembe ya huku, na mingi ya Tabora, ni ya njia ya misafara ya pwani, mingi ilikuwa mikubwa kabla Mjerumani hajafika, kwa hiyo hakuipanda yeye kama alama. Nilitaka kusema hayo mbele ya kamera. Halafu nikakumbuka kwamba maneno maarufu ya Stanley kwa Livingstone tunayajua kutoka kwa Stanley, na kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano huo zilichanwa. Tukala migebuka.

Siku ya 8. Kigoma

Saa kumi na mbili asubuhi, simu. Mjukuu wa mzee.

"Dada, shikamoo. Watu wamechimba kwa babu."

Walikuja usiku na pikipiki, wengine kutoka mbali. Mzee hakuguswa. Aliamka akawakuta, akawasalimia, wakamwitikia, wakaendelea kuchimba.

"Babu anasema nini?"

"Anasema mje na majembe."

Nilikaa ufukweni na vipokea sauti masikioni, nikisikiliza tena ile sekunde inayoharibiwa na treni. Kijana wetu wa sauti akaja akakaa karibu nami. Hajanitazama usoni tangu Uvinza. Alichukua kompyuta, akapunguza mngurumo wa chini, akapunguza upepo, akarudisha, akapunguza tena. Ilimchukua saa mbili. Kisha akanirudishia kimyakimya.

Katika kumbukumbu yangu, na katika tafsiri tuliyokwisha kuiandika kwa ajili ya wafadhili, mzee alisema: *alificha Mjerumani vitu hapa.* Mjerumani kaficha.

Kwenye mashine, chini ya treni, kulikuwa na sauti ndogo midomo ikigusana. *Ali-m-ficha.* Alimficha Mjerumani vitu hapa. Na kabla ya hapo, kwa shida, neno moja: *Bibi*.

Kwa ajili ya em moja tulikuwa tumesafiri kilomita zaidi ya mia nne.

Siku ya 9

Njiani kurudi. Hakuna aliyepiga picha.

Siku ya 10. Lulanguru

Shimo lilikuwa refu kuliko mimi. Mizizi imekatwa upande mmoja, weupe wake umeshageuka kahawia. Udongo mwekundu umerundikwa hadi mlangoni kwa mzee. Yeye alikuwa amekaa palepale, kiti kimesogezwa hatua tatu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mmekula?"

Niliomba radhi. Niliiomba kwa maneno mengi mno, kama tufanyavyo watu wa Dar. Aliinua mkono nikanyamaza. Nikamuuliza kwa nini alinikubalia masanduku.

"Mgeni kaja na jibu lake mkononi, kasafiri mbali, nimnyime?" Alifikiri kidogo. "Tena ulikuwa umefurahi."

Safari hii tuliweka kamera, nikajifunza kazi yangu upya: niliuliza swali moja, *bibi alificha nini?*, nikafunga mdomo. Dakika moja na sekunde arobaini za kimya. Ziko ndani ya filamu zote.

Alificha mtama. Mwaka ule wa vita askari walikuwa wanachukua chakula: kwanza wa Mjerumani, halafu wa Bulamatari, yaani Wabelgiji, kutoka Kongo, na wote walikuwa na njaa ileile. Bibi alijaza mtama kwenye mitungi mitatu, akaifunika kwa vigae na udongo, akawasha moto juu yake akapikia hapohapo, ili asionekane mtu aliyechimba. Walikula mtama ule hadi mvua. Babu mzaa baba hakuula. Yeye alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kuelekea kusini, na mzee hajui ni kusini gani. Hakurudi. Bibi alipoulizwa na wajukuu kwa nini hahami pale karibu na makelele ya treni, alikuwa anasema mumewe akirudi atashuka kituoni.

"Hayo uliwahi kuwasimulia waliokuja kabla yetu?"

"Niliwahi. Walizima mashine kuokoa betri."

Alasiri tulifukia shimo. Majembe manne, watu saba, mjukuu akiongoza. Kijana wetu wa sauti alikuwa anasukuma udongo kwa mikono nusu ya muda. Ndiye aliyesimama ghafla akaita. Kwenye rundo la udongo uliotupwa na wachimbaji, pembeni kabisa, walikuwa wameweka kando vipande walivyoviona havina maana: vigae vya mtungi, vinene, vyeusi upande mmoja kwa moshi. Kimoja kilikuwa na mdomo wa mtungi bado, mviringo kamili kama nusu ya sahani.

Alimpelekea mzee. Mzee alikifuta kwa shati lake, akakigeuza, akakiinua puani akakinusa, jambo ambalo sikulitegemea. Sijui ni nini anaweza kunusa baada ya miaka zaidi ya mia moja.

Niliuliza kama tuvipeleke kwa watu wa makumbusho, waseme ni vya umri gani. Alisema tunaweza kupeleka vingine. Hicho akakiweka chini ya kiti.

Kaka wa kamera aliniuliza kwa jicho kama aendelee kurekodi. Betri ilikuwa imebaki asilimia nne. Nikamwambia aiache izunguke hadi izime yenyewe.